Nani Alipiga Rithimu? Mhadhara juu ya Bendi za Wanyika, Ugomvi wa Wanamuziki na Haki ya Asiyetajwa

(Mhadhara uliotolewa Ukunda, Kaunti ya Kwale, mbele ya wanamuziki wa hoteli za Diani, walimu na wapenzi wa muziki wa dansi)



Nimeombwa nizungumze juu ya bendi na ugomvi wake. Nimekubali kwa moyo mmoja, maana naona habari hii husimuliwa vibaya. Bendi ikivunjika, watu huuliza nani alilewa sifa, nani alikula pesa za mlangoni, nani aliharibiwa na mapenzi. Mazungumzo yakaishia kwenye tabia za watu. Mimi nashikilia kwamba bendi nyingi nzuri zimevunjika kwa jambo la kazi: mchango wa mtu ulisikika na kila mwenye masikio, na haukuandikwa popote. Mtu akisikika kila siku asitajwe hata siku moja, siku moja atabeba gita lake aondoke. Na akishaondoka ndipo tunapojua alikuwa akifanya nini.

Ushahidi wangu mkubwa unatoka kwa jirani zetu wa Tanga. Kwa sisi wa Kwale, Tanga si ng'ambo. Barabara inayopita hapa Ukunda ikashuka Msambweni, Ramisi na Lunga Lunga, ukivuka mpaka wa Tanzania pale Horohoro inakufikisha huko huko. Mdigo ana ndugu pande zote mbili, harusi zinavuka, matanga yanavuka, na muziki umekuwa ukivuka tangu zamani. Katika miaka ya 1960 Tanga ilikuwa mji wa bendi. Kulikuwa na Atomic Jazz, kulikuwa na Jamhuri Jazz, na upande wa taarabu kulikuwa na Black Star, ambayo nayo iligawanyika ikazaliwa Lucky Star.

Mwaka 1966 ndugu wawili wa mji huo, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, waliingia Jamhuri Jazz. Wilson alikuwa mpiga solo na mwimbaji, George alikuwa mpiga rithimu na mwimbaji pia. Mwaka 1970 walihamia Arusha wakaunda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao mwingine, William. Mwaka uliofuata walikuja Mombasa, na hapo ndipo jina la Simba Wanyika lilipozaliwa. Mwaka 1975 wakapanda Nairobi, kwenye studio, kampuni za santuri na vilabu vya kila usiku.

Tazameni umbo la bendi hiyo tangu mwanzo. Ni bendi ya ndugu. Uongozi uko kwa kaka, ndugu yake yuko ubavuni, na jina la ukoo ndilo linalojulikana. Umbo hili lina faida kubwa, kwa sababu ndugu hawatafutani wakati wa mazoezi, sauti zao zinaoana, na mmoja akikosea mwingine anamfunika hapo hapo. Lakini kwa asiye wa ukoo ule kuna mlango usiofunguka. Anaweza kuwa hodari kuliko wote jukwaani, na bado ameajiriwa. Hata wimbo ukipendwa kwa sababu ya vidole vyake, utaitwa wimbo wa akina Kinyonga.

Sasa ongezeni jambo la pili, ambalo watu wa Lunga Lunga wanalikumbuka vizuri kuliko watu wa Nairobi. Mwezi wa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa tena mpaka mwaka 1983. Wanamuziki wa Tanga waliokuwa Nairobi wakajikuta njia ya nyumbani imezibwa. Mtu aliyezoea kugombana na kiongozi wake, akashuka kwao akae mwezi mmoja, hasira ikipoa arudi, hakuwa na pa kushukia. Ilibidi akae Nairobi humo humo, pamoja na wale wale aliogombana nao, au atafute wenzake waanze upya. Naamini jambo hili lilichangia yaliyofuata. Ugomvi usio na njia ya kutokea huwa mkali zaidi.

Mwezi wa Novemba 1978 kundi la wanamuziki wakubwa likajitenga na Simba Wanyika. Aliyeongoza msafara alikuwa mpiga rithimu Omar Shabani, ambaye mashabiki walimwita Profesa. Pamoja naye alikuwamo mpiga besi Tom Malanga. Wakamchukua John Ngereza, Mtanzania mwingine aliyekuwa akiimba na kupiga gita Nairobi, na mwimbaji Issa Juma. Wakajiita Les Wanyika. Hawakukimbilia jukwaani. Walikaa miezi kadhaa wakifanya mazoezi na kutunga nyimbo zao wenyewe, ndipo wakatoka. Na walipotoka, walitoka na "Sina Makosa".

Hapa nataka tukae kidogo.

Sina haja ya kuwaimbia wimbo huo, maana hakuna aliye humu ndani asiyeujua. Mgeni wa Diani aliyetoka Ujerumani anausikia akinywa madafu kando ya bwawa, mtoto wa Kinondo anausikia kwenye harusi. Ninachoomba ni kwamba mkirudi nyumbani msikilize bila kuimba. Msimfuate mwimbaji. Mfuateni mpiga rithimu kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mtasikia gita lenye noti chache sana. Haliji kujaza nafasi. Linasema neno lake fupi, linakatika, linarudi tena mahali pale pale, na kila likirudi mwili wako umeshaanza kulingoja. Chini yake besi ya Malanga inanyamaza mahali ambapo mpiga besi mwingine angepiga. Ule ukimya ndio unaoinua miguu. Kisha solo inapita juu kwa ulaini bila kushindana na mtu, na sauti za waimbaji zinakuja zikiwa zimeachiwa uwanja mpana. Wimbo mzima umejengwa kwa watu kuachiana nafasi. Kazi ya namna hiyo huitungi peke yako chumbani halafu ukawaletea wenzako. Inapatikana kwa mazoezi, kwa mtu kusema, "Hapo usipige, niachie mimi."

Mwaka jana niliwatembelea vijana wa bendi moja ya hoteli hapa Diani wakifanya mazoezi mchana. Mpiga rithimu wao alikuwa amechelewa. Wakaamua kuanza "Sina Makosa" bila yeye, mpiga solo akasema atapiga sehemu zote mbili. Hakika alijitahidi, na ana vidole vyepesi. Wimbo haukusimama. Noti zote zilikuwapo, maneno yalikuwapo, drams zilikwenda sawa, na bado ulikuwa wimbo mwingine kabisa, mzito, hauna mwendo. Mwenzao alipofika, ameshuka kwenye bodaboda jasho likimtoka, akachomeka waya bila hata salamu, na katika mizunguko miwili mitatu kila mtu akawa anatabasamu. Nikawauliza: wimbo huu ni wa nani? Wakanijibu kwa sauti moja: wa Les Wanyika. Nikauliza: hiyo sehemu anayopiga mwenzenu aliibuni nani? Wakatazamana.

Siwalaumu. Wangejuaje? Wengi tuliokua na santuri ndogo tunakumbuka jinsi ilivyokuwa. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande wa pili. Upande wa kwanza ulikuwa wa maneno. Ukigeuza santuri, unakutana na chemko, magita yameachiwa yazungumze. Kwenye lebo kulikuwa na jina la wimbo, jina la bendi, na kwa herufi ndogo jina la mtunzi. Basi. Upande wa pili mzima, ambao ndio uliowachezesha watu mpaka alfajiri, unaweza kuwa umejaa kazi ya mpiga rithimu na mpiga besi, na majina yao hayapo.

Kujitenga kwa mwaka 1978 kulituonyesha jambo ambalo lebo haikuonyesha. Kabla ya hapo mtu angeweza kusema muziki wa Simba Wanyika ni wa akina Kinyonga, nasi tungekubali. Baada ya hapo tukawa na bendi mbili, na kila moja ikabaki na sehemu ya sauti ya zamani. Les Wanyika waliondoka na ule mwendo wa chini, rithimu na besi zinazoachiana nafasi. Simba Wanyika walibaki na utunzi wa Wilson, na uimbaji wa ndugu. Nao hawakufa, jambo ambalo mashabiki wa Les Wanyika husahau kulitaja. Waliijenga bendi upya, saksafoni ikapewa nafasi, na katika miaka ya 1980 wakatoa "Haleluya" na "Shilingi Yaua". Issa Juma naye hakukaa sana Les Wanyika. Alitoka akaunda Super Wanyika Stars, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaitikisa Kenya nzima kwa "Sigalame". Zikafuata bendi nyingine zenye jina la Wanyika ndani yake hata msikilizaji wa kawaida akachanganyikiwa.

Wapo wanaosikitikia historia hii wakisema laiti wasingegawanyika. Sikubaliani nao kikamilifu. Kama Shabani asingeondoka, "Sina Makosa" tusingeipata, angalau si kwa umbo lile. Ninachosikitikia ni gharama yake. George Kinyonga alifariki mwaka 1992, na kaka yake Wilson akamfuata mwaka 1995. Na wale waliokaa upande wa rithimu na besi, majina yao leo unayapata kwa wazee na kwa watafiti. Kwa mtoto wa shule wa Msambweni anayeimba wimbo wao neno kwa neno, huyapati.

Msidhani mambo haya ni ya Waafrika maskini tu. Bendi tajiri kabisa za Uingereza zimepita njia hii hii. Beatles walikuwa na watunzi wawili waliokubaliana tangu ujana wao kwamba kila wimbo utasomeka kwa majina yao wote wawili, John Lennon na Paul McCartney. Mapatano hayo yaliwasaidia wawili hao, na yakamwacha nje wa tatu, George Harrison mpiga solo, ambaye katika albamu nyingi alipewa wimbo mmoja au miwili. Bendi ilivunjika mwaka 1970. Mwaka huo huo Harrison akatoa albamu ya santuri tatu, "All Things Must Pass", nyingi katika nyimbo zake akiwa amezitunza kwa miaka. Dunia ikashangaa: kumbe huyu alikuwa na haya yote! Alikuwa nayo. Nafasi ndiyo hakuwa nayo.

Kisa cha pili ndicho kinachonigusa zaidi, na nawaomba wapiga kinanda wasikilize. Mwaka 1967 bendi ya Procol Harum ilirekodi "A Whiter Shade of Pale". Kabla mtu yeyote hajaimba, unasikia ogani ya Hammond. Ogani hiyo ndiyo inayowafanya watu waujue wimbo kwa sekunde chache. Aliyeipiga, na kuibuni ile sauti ya mwanzo, ni Matthew Fisher. Wimbo uliandikishwa kwa majina ya Gary Brooker kwa muziki na Keith Reid kwa maneno. Fisher aliondoka kwenye bendi mwaka 1969, na ilipofika mwaka 2005 akaenda mahakamani. Miaka 38 ilikuwa imepita! Upande wa pili ukamwambia amechelewa mno. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikasema ni mtunzi mwenza na ana asilimia 40 ya haki ya muziki. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufani ikambakishia jina na kumnyima pesa. Mwezi wa Julai 2009 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati ule, likamrudishia haki yake, ila mapato yahesabiwe kuanzia alipofungua madai mwaka 2005. Ya nyuma yalikwisha kwenda.

Fikirini juu ya hukumu ile. Mahakama ilikubali kwamba anayebuni sehemu ya ala inayoubeba wimbo ametunga. Hakusindikiza tu, ametunga. Kwa kipimo hicho nasema bila kusitasita: mpiga rithimu wa "Sina Makosa" ni mtunzi wa sauti ile, liwe limeandikwa jina lake au halikuandikwa.

Turudi kwetu. Hapa Pwani tuna mfano wa bendi ya ndugu iliyodumu, Them Mushrooms, vijana wa familia ya Harrison kutoka Kaloleni, walioanza kwa jina hilo mwaka 1972 wakapikwa na kazi za hoteli za Mombasa. "Jambo Bwana" ni utunzi wa Teddy Kalanda Harrison, na jina lake linajulikana hata baada ya kundi la Boney M kuutoa kwa namna yao mwaka 1983. Wimbo huo umeimbwa na kila bendi ya hoteli kutoka Malindi hadi Funzi, mara nyingine kwa maneno yaliyobadilishwa, lakini ukiuliza mwenyewe ni nani unapata jibu. Linganisheni na wimbo "Malaika". Fadhili William ndiye aliyeurekodi na kuandikwa kuwa mtunzi wake, na bado kuna madai ya Adam Salim wa Tanzania, na ya Grant Charo aliyekuwa karibu na Fadhili katika muziki. Ubishi umebaki. Kila usiku wimbo huo unapigwa hapa Diani, na mwenye haki ya kweli hatutamjua kwa hakika tena.

Na msiniambie kwamba sisi wa Kwale hatuna mila ya kutambua kazi ya kila mmoja. Ingieni kwenye sengenya, ngoma ya Wadigo. Kila ngoma pale ina jina lake na kazi yake, upatu una mwenyewe, nzumari ina mwenyewe. Mpigaji hodari anajulikana kijiji hadi kijiji, anaitwa kwa jina lake, na anatunzwa mbele za watu. Mchezaji anajua ni mkono wa nani uliomwinua. Tulipohamia kwenye magita na maikrofoni tukaiacha adabu hiyo nyuma, tukaanza kumtunza mwenye maikrofoni peke yake. Wakati wa kutuza, noti zinabandikwa kwenye paji la uso la mwimbaji, na mpiga besi aliye nyuma yake anazitazama tu.

Sheria yetu imekwenda mbele kuliko desturi zetu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamtambua mtunzi, na inamtambua pia mpigaji na mwimbaji kwa haki yake ya pekee kwa ile kazi aliyoifanya ikarekodiwa. Inatambua utunzi wa pamoja, pale mchango wa mmoja hauwezi kutenganishwa na wa mwingine. Haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, maana yake wajukuu wako wanaweza kula kwa gita lako. Vimekuwapo vyama vya kukusanya mirabaha: MCSK kwa watunzi, PRISK kwa wapigaji na waimbaji, na Bodi ya Hakimiliki ndiyo inayosimamia na kuandikisha kazi. Najua malalamiko juu ya mirabaha, najua hundi zinavyokuwa ndogo, na wenye hasira wana haki ya kuwa nayo. Lakini mtu ambaye jina lake halimo kwenye karatasi hana hata hundi ndogo ya kuilalamikia.

Vijana wa Diani, hali yenu ni ngumu kuliko ya Shabani kwa jambo moja. Yeye aliacha kazi akaenda kutunga. Nyinyi mkataba wa hoteli unawataka mpige kopi kuanzia wageni wanapokula hadi wanapokwenda kulala, na msimu wa mvua ukifika wageni wakapungua, bendi inapunguzwa watu. Wa kwanza kupunguzwa ni nani? Mpiga rithimu, halafu mpiga besi, nafasi zao zikachukuliwa na kinanda chenye midundo ya kurekodiwa. Nimeona bendi ya watu saba ikawa ya watu watatu. Mwenye hoteli anaona ameokoa mishahara. Muziki anaoupata si ule aliouajiri, na naamini wageni wanasikia hata kama hawawezi kueleza walichokosa.

Kwa hiyo zile siku za mazoezi mlizo nazo zina thamani. Mkikaa Ukunda hapa na kutunga wimbo wenu wenyewe, rekodini mazoezi kwa simu, kila siku, na msifute. Humo ndimo itasikika sauti ya aliyesema kwanza, "Hapo usipige, niachie mimi." Kabla ya kuingia studio, kaeni chini na karatasi moja. Nani aliandika maneno? Nani alileta sauti ya kuimba? Ile gita ya mwanzo ni ya nani? Besi aliibuni nani? Prodyuza mwenye kompyuta amechangia nini, naye aandikwe. Kisha mgawane kwa asilimia mkiwa bado mnacheka pamoja, wimbo ukiwa haujaingiza hata shilingi. Ukishaanza kulipa, mazungumzo hayo hayawezekani tena, kila kumbukumbu inageuka upande wa mwenyewe. Wekeni sahihi wote, kila mmoja achukue nakala, na nakala nyingine mpeni mzee mnayemwamini.

Kama nyinyi ni ndugu wa tumbo moja, andikeni vile vile. Na kama yumo katikati yenu asiye ndugu, mwandikeni yeye wa kwanza.

Na nyinyi wazee mliokuwa kwenye bendi za zamani, wa Msambweni, wa Ramisi, wa Likoni, mlioshika tumba na magita kwenye kumbi ambazo leo ni maduka ya vyuma: msisubiri mtafiti kutoka chuo kikuu. Waiteni wajukuu zenu waliosoma, muwatajie nani alipiga nini kwenye wimbo gani, nao waandike. Nitakuwa hapa mpaka jioni na daftari langu. Yeyote mwenye jina la kunipa aje, nitaliandika mbele yake.